Tulikula Nini Oaxaca

Tangu turudi kutoka Meksiko, kila jamaa tunayekutana naye, awe msikitini au harusini, ana swali moja tu. Haulizi habari za majumba ya kale wala za hali ya hewa. Anauliza: mlikula nini? Na anauliza hivyo kwa sababu anajua kwamba tulisafiri na Mama, yaani mama mkwe wangu, na Mama anajulikana katika ukoo mzima kuwa hali chakula asichokijua kilikotoka. Mhariri wa kitabu chetu cha mwaka ameniomba niandike jibu mara moja ili wote wasome, nami nimekubali kwa sharti kwamba asinikate nitakapofika kwenye habari za mahindi.

Kwanza niseme kwamba sisi tunaokaa Houston tunadhani tunakijua chakula cha Kimeksiko. Tunachokijua ni chakula cha mpakani. Lile jibini la manjano lililoyeyuka, ile mikate ya unga wa ngano, zile nyama zilizojaa bizari nyembamba, hayo ni mapishi ya Texas na majirani zake wa upande wa pili wa mto. Hata nachos, ambazo watoto wetu wanazililia kila Ijumaa, zilibuniwa Piedras Negras, mji ulio mpakani kabisa, mwaka 1943. Sikidharau chakula hicho, nimekila miaka mingi. Lakini ukishuka kusini mpaka Oaxaca (wenyewe hutamka Wahaka), hutaliona hilo jibini la manjano, na ukiulizia nachos utatazamwa kwa huruma.

Oaxaca ni mji wa milimani, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, wenye nyumba za mawe ya rangi ya kijani kibichi na masoko mawili makubwa yaliyokaribiana katikati ya mji. Tulikwenda kwa siku tisa, mimi, mke wangu na Mama. Mama tulimchukua kwa sababu hatukuwa na wa kumwachia, na pia kwa sababu yeye mwenyewe alisema amechoka kuitazama dunia kupitia dirisha la sebuleni. Ana maradhi ya sukari. Dawa zake lazima zifuatane na chakula, na chakula kiwe chakula, si biskuti.

Sasa hapo ndipo lilipo tatizo, na kila Mwislamu anayefikiria kwenda huko alijue mapema. Jikoni mwa Meksiko mafuta ya asili ya kukaangia ni manteka, yaani mafuta ya nguruwe. Maharage ya kupondwa hukaangwa kwa manteka. Tamali, ambazo ni unga wa mahindi uliofungwa ndani ya majani na kupikwa kwa mvuke, huo unga wake aghalabu hupigwa na manteka. Ile tlayuda mashuhuri ya Oaxaca, mkate mkubwa wa mahindi kama sinia, hupakwa kwanza asiento, ambayo ni masimbi ya hayo hayo mafuta. Kwa nje huoni kitu. Nyama ukikataa umeikataa, iko mbele ya macho yako. Lakini manteka imejificha ndani ya sahani ya maharage ambayo mtu yeyote angedhani ni chakula cha masikini kisicho na dhambi.

Mama aliambiwa habari hii siku ya kwanza na kijana mmoja wa hoteli, kwa nia njema kabisa, na tangu hapo akafunga mdomo. Siku tatu alikula ndizi, mayai ya kuchemsha, parachichi na chungwa. Asubuhi ya siku ya tatu mikono ilikuwa ikimtetemeka. Mke wangu alianza kuulizia tiketi za kurudi.

La kuumiza zaidi ni kwamba chakula chenyewe kilikuwa kikimwita. Tulipita sokoni mahali wanapouza mole. Mole ni mchuzi mzito wa pilipili kavu zilizosagwa pamoja na viungo, na pale hupangwa ikiwa rojo gumu, vichuguu vichuguu, vyeusi, vyekundu na vya rangi ya kahawia. Mama alisimama mbele ya kile cheusi, akafumba macho, akavuta pumzi. “Karafuu,” akasema. Kisha: “Mdalasini. Pilipili manga. Ufuta umekaangwa, umekaribia kuungua.” Muuzaji hakufahamu neno hata moja, lakini alifahamu kinachotendeka, akamkatia kidogo kwenye ncha ya kijiti amwonjeshe. Mama akatikisa kichwa, akashukuru, tukaenda zetu. Mtu aliyekulia Pemba, aliyeanika karafuu kwenye majamvi tangu utoto, anasikia harufu hiyo upande wa pili wa dunia na hawezi kuionja.

Mimi kazini nimechanganyika na Wameksiko miaka mingi na Kihispania changu kinatosha kununulia samaki. Yuko mzee mmoja fundi wa mabomba, mtu wa vijiji vya Oaxaca, aliyeniambia jambo moja kabla ya safari, na jambo hilo ndilo lililotuokoa. Aliniambia: nguruwe alikuja na Wahispania. Kabla ya mwaka 1521, mji mkuu wa Waazteki ulipoanguka, hapakuwa na nguruwe wa kufugwa wala ng'ombe wala kuku katika nchi ile, na watu hawakuwa na desturi ya kukaanga. Walichemsha, walichoma, walibanika juu ya kigae, walipika kwa mvuke. Kwa hiyo, akasema, tafuta chakula cha bibi yake bibi. Kadiri chakula kinavyokuwa cha kale ndivyo kinavyowafaa nyinyi.

Chakula cha namna hiyo hakipatikani katika mikahawa ya uwanjani yenye vitambaa vyeupe na orodha ya lugha tatu. Kinapatikana kwenye fonda. Fonda ni chumba cha kulia, mara nyingi ni sebule ya mtu iliyotiwa meza tano au sita za bati, na mpishi ni mwenye nyumba. Hakuna orodha ya kuchapwa. Kilichopikwa leo huandikwa kwa chaki mlangoni, kikimalizika kimemalizika. Mlo mkuu wa Meksiko ni wa mchana, kati ya saa nane na saa kumi kwa saa zetu, na hapo fonda hutoa mlo kamili kwa bei moja: supu, wali, kitoweo, maharage, tortila na jagi la kinywaji cha matunda. Ukienda saa moja ya usiku utakuta viti vimepinduliwa juu ya meza. Wageni wengi wanakosa chakula kizuri kwa kosa hilo tu, wanakula kwa saa za kwao.

Dalili nyingine ni sauti. Simama mlangoni usikilize kama kuna mikono inayopiga unga: pa, pa, pa. Ukisikia hivyo, tortila zinatengenezwa pale pale. Usiposikia, endelea na njia.

Tuliisikia hiyo sauti nyuma ya soko, kwenye mtaa ambao sitautaja kwa sababu bibi yule ana meza sita tu. Jina lake pia nalihifadhi, hakuniruhusu wala sikumwomba. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, amesuka nywele mikia miwili iliyofungwa utepe, na aprini ya mirabaraba. Alitutazama akatuuliza kama tunatoka Costa Chica. Swali hilo lilinifurahisha. Costa Chica ni pwani ya Guerrero na Oaxaca upande wa Bahari ya Pasifiki, ambako wanaishi Wameksiko wenye asili ya Afrika tangu zama za utumwa. Huyo Vicente Guerrero, ambaye jimbo limepewa jina lake, alikuwa mmoja wao, na alipokuwa rais mwaka 1829 ndiye aliyetangaza kuufuta utumwa katika nchi ile. Katiba ya Meksiko iliwatambua watu hao kwa jina mwaka 2019 tu. Basi nikamwambia hapana, tunatoka pwani nyingine, mbali zaidi. Akasema pwani ni pwani, kaeni.

Nikaanza maelezo yangu: kwamba dini yetu hairuhusu nguruwe, kwamba bibi huyu ni mgonjwa, kwamba hajala chakula cha moto siku tatu. Kihispania changu kikanishinda katikati. Bibi akawa anahesabu kwa vidole vilivyopikwa, na ndani ya maneno yake likarudi mara mbili tatu neno moja, “aseite”. Mama, aliyekuwa ameinamisha kichwa muda wote, akainua uso.

“Mwanangu, huyu anasema zeti.”

Nikamwambia, Mama, huyu anasema Kihispania.

“Anasema zeti. Az-zayt. Muulize kama ni zeti ya kula.”

Naye alisema kweli. Aceite ya Kihispania, yaani mafuta ya mimea, ni az-zayt ya Kiarabu, iliyobaki Hispania kutokana na karne nyingi za utawala wa Waislamu, kisha ikavuka bahari pamoja na wale waliopeleka nguruwe. Sukari kwao ni azúcar, as-sukkar, ile ile yetu. Mchele ni arroz, ar-ruzz. Mama alisoma chuoni kwa fimbo, na miaka sitini baadaye ile fimbo ilimsaidia kuagiza chakula. Kuanzia hapo wakaachana nami kabisa. Mama ananyooshea kidole chungu, anauliza, “Zeti?” Bibi anajibu, “Aceite,” au anatikisa kichwa na kusema, “Manteca.” Mimi nikakaa kitini kama mzigo.

Na hapa ndipo nilipomheshimu yule mpishi. Alikuwa na mole nyekundu inachemka, ndiyo iliyoandikwa kwa chaki mlangoni, na ndiyo aliyotaka kuiuza. Angeweza kusema haina kitu. Badala yake alikitazama chungu, akamtazama Mama, akasema, “Manteca.” Maharage ya kupondwa, manteca. Lakini akafunua chungu kingine: haya ni maharage ya chunguni, meusi, yamechemshwa kwa maji, chumvi, kitunguu na jani la mparachichi, basi. Jani la mparachichi wao wanalitumia kama sisi tunavyotumia mdalasini, hulibabua kidogo motoni, na lina harufu ya shamari. Wali una tungule na aceite, na mchuzi wa kuku haukutiwa siku ile. Na supu.

Supu ndiyo ilifika kwanza. Mama akaitazama, akachukua kijiko, akachota jani. Akalitafuna pole pole. Akanitazama kama mtu aliyefanyiwa mzaha.

“Haya si majani ya maboga?”

Yalikuwa majani ya maboga. Supu hiyo huitwa sopa de guías, na ndani yake mna vikonyo vya mboga hiyo, majani machanga, maua yake ya manjano, vipande vya boga dogo, na vipande vya hindi bichi na gunzi lake. Haikaangwi. Ni maji, chumvi, kitunguu, thomu na majani ya chepil yanayoota mwituni. Si ajabu kuwa chakula cha kale: katika pango la Guilá Naquitz, mwendo wa saa moja hivi kutoka pale tulipokaa, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mbegu za maboga yaliyolimwa na watu kiasi cha miaka 10,000 iliyopita, na magunzi ya mahindi yenye umri wa zaidi ya miaka 6,000. Hao maboga na mahindi tunaowaona ni wa kwetu shamba, asili yao ni huko. Mama alikula bakuli mbili. Nilihesabu.

Sasa niiseme habari ya mahindi, mhariri anivumilie.

Sisi tunasaga mahindi makavu tukapata unga wa ugali. Wao hawafanyi hivyo. Huchemsha mahindi kwa maji yaliyotiwa chokaa, wakayaacha usiku kucha, asubuhi wakayaosha ganda likatoka, ndipo wakayasaga yakiwa majimaji. Chokaa hiyo si kiungo cha ladha tu. Inaifungua ndani ya hindi ile vitamini iitwayo niasini, ambayo bila hivyo mwili hauipati. Wazungu walipoyachukua mahindi wakaiacha chokaa, na matokeo yake masikini wa Italia ya kaskazini, na baadaye wa kusini ya Marekani, walioishi kwa mahindi matupu waliugua pelagra, ngozi ikachubuka na akili zikapotea, wakafa kwa maelfu. Bibi wa fonda hakuhitaji kuambiwa na daktari. Unga wake una mahindi, chokaa na maji, hauna mafuta ya aina yoyote, hata chumvi hana habari nayo. Anauviringa donge, anaupiga viganjani, anauweka juu ya komali, ambayo ni kigae bapa cha udongo kilichopakwa chokaa ili unga usigande. Dakika moja na nusu, geuza mara mbili, na ikiwa imetengenezwa vyema inavimba kama chapati.

Tortila zinaletwa ndani ya kikapu cha majani ya mnazi pori, zimefunikwa kitambaa zisipoe, nami nilikumbuka kawa la nyumbani. Kwa tortila unakula kila kitu: unakata, unachota, unafunga. Ukiikunja na kitu ndani ni taco, neno ambalo naliacha kwa herufi za wenyewe, kwa sababu kwa herufi zetu haliwezi kusomwa mbele ya wazee.

Kinywaji kililetwa katika jagi la kioo, chekundu kama damu. Wanakiita maji ya Jamaika. Mke wangu akaonja, akasema ni choya. Ndiyo, ni karkade ile ile wanayokunywa ndugu zetu wa Maskati, na mmea wenyewe asili yake ni Afrika. Siku ya pili kilikuwa ukwaju. Siku ya tatu embe, na embe zao bora huitwa Manila, kwa sababu kati ya mwaka 1565 na 1815 majahazi ya Wahispania yalikuwa yakivuka kutoka Filipino mpaka Acapulco, na hazina zake hazikuwa hariri na vyombo vya kauri tu.

Tulipokuwa tunaondoka, bibi alimshika Mama mkono akamwita madrecita, neno la kumwita mama kwa mapenzi, akasema jambo ambalo ilibidi alirudie. Alikuwa anasema: kesho njooni saa nane kamili, nitampikia mole ya manjano.

Kwa kuwa mole si moja. Oaxaca wanajisifu kwamba wana saba. Ile nyeusi ni kazi ya siku mbili au tatu, ni ya harusi na matanga. Lakini ya manjano, amarillo, inaweza kupikwa asubuhi moja: pilipili kavu, tungule, thomu, bizari nyembamba kidogo, karafuu, na unga mbichi wa mahindi wa kuifanya iwe nzito, kisha mbatata, maharage mabichi, na mboga moja ya kijani inayofanana na boga. Kesho yake tulipofika alimwita Mama jikoni kabla hajawasha moto. Akamwonyesha chupa ya mafuta, lakiri yake haijakatwa. Akatoa chungu kidogo kipya, akakiosha mbele yake mara moja, kisha, kwa ishara ya Mama, mara ya pili na ya tatu. Mimi niliona haya. Wao wawili hawakuona.

Mama alikula mole ile kwa tortila nne. Hakusema ni nzuri. Alisema imezidi karafuu punje moja, na kwa wanaomjua, hiyo ni sifa. Kuanzia siku ile hatukula mchana mahali pengine, na habari za tiketi hazikutajwa tena.

Nyama sikuizungumzia, kwa sababu najua nyumba zetu hazifuati rai moja katika nyama za Ahlul-Kitab, na kitabu hiki kinasomwa na wote. Sisi hatukula. Mwenye rai nyingine ajue kwamba katika soko la 20 de Noviembre liko ukumbi mzima wa moshi ambako huchagua nyama mbichi ikabanikwa mbele yako. Tasajo ni ng'ombe, cecina enchilada ni nguruwe, na makaa ni yale yale. Mescal, pombe ya mkonge wa huko, utakaribishwa kila mahali. Sema “no tomo”, yaani situmii, na hakuna atakayekulazimisha. Ama panzi waliokaangwa kwa thomu na ndimu, wanaouzwa kwa vikapu, mke wangu alimkumbusha Mama kwamba nzige ni halali kwa hadithi iliyo sahihi, na kwamba hata Bukoba watu wanagombania senene. Mama akajibu kwamba halali si lazima.

Atakayeweza kuchagua wakati, achague Kwaresima yao, zile siku arubaini kabla ya Pasaka. Ijumaa za siku hizo Wakatoliki hawali nyama, na fonda hujaa samaki, kamba, na pilipili kubwa zilizojazwa jibini. Hata hivyo uliza mafuta: “¿Con aceite o con manteca?” Na ukipita karibu na watu wanaokula, waambie “provecho”, hata kama huwajui. Ni kama karibu yetu, ila wao humwambia anayekula, nasi humwambia anayepita.

Siku ya mwisho Mama aliomba akae kwenye komali. Walimpa kigoda na donge la unga. Tortila ya kwanza ilichanika, ya pili ilikuwa na umbo la ramani ya Pemba, ya tatu ikaungua upande mmoja huku wasichana wa jikoni wakicheka na yeye akiwakaripia kwa Kiswahili. Ya nne ilivimba.